Baiskeli kwenye Njia ya Miguu: Menengai, Hell's Gate, Kakamega au Kajulu?

Mwenye baiskeli ya milimani Nakuru au Kisumu hakosi pa kwenda Jumamosi. Kuna ukingo wa kreta ya Menengai juu ya jiji la Nakuru, kuna hifadhi ya Hell's Gate kule Naivasha, kuna vijia vya msitu wa Kakamega, na kuna vilima vya Kajulu na Riat vinavyoitazama Kisumu kutoka kaskazini. Wengi huchagua kwa mteremko na mandhari. Sisi tunaomba kipimo kingine kitangulie: utamkuta nani njiani, amebeba nini, na ana nafasi gani ya kukupisha. Ukishajua hayo, utajua pia kama utapanda au utasukuma, kama utapiga kengele au utasalimia, na kama siku hiyo inafaa kabisa.

Kwa mwenye haraka: anayeanza aende Hell's Gate. Anayetoka mjini Nakuru bila gari apande Menengai, ashukie barabara ya magari badala ya kijia. Kakamega kunamfaa anayekubali kwenda polepole pamoja na mwongozaji, katika siku kavu. Kajulu kunamfaa yule ambaye kushuka kwenye baiskeli mara 20 katika asubuhi moja hakumuudhi. Kama kunakuudhi, usiende Kajulu.

Upana wa njia na umbali unaouona

Usukani wa baiskeli ya kisasa ya milimani una upana wa sentimita 74 hadi 80. Kijia cha miguu kilichochongwa na nyayo mara nyingi hakizidi nusu mita. Maana yake ni kwamba hata kabla ya kumkuta mtu, usukani wako tayari umeenea nje ya njia pande zote mbili, na kwa mtembea kwa miguu uko usawa wa mbavu. Ndiyo sababu neno "kupishana" lina maana tofauti katika sehemu hizi nne. Hell's Gate barabara kuu ya ndani ni ya murram, pana kiasi cha magari mawili, na watu watatu wakitembea sambamba bado una nafasi ya kupita mita mbili mbali nao. Kwenye kijia cha Kajulu hakuna kupishana bila mmoja kutoka njiani, na anayetoka ni mwenye baiskeli.

Jambo la pili ni umbali wa kusimama. Chukua sekunde moja ya kushtuka, kisha breki kwenye vumbi lenye changarawe, ambako tairi hushika karibu nusu ya linavyoshika kwenye lami. Kwa kilomita 10 kwa saa utasimama ndani ya mita 4 hivi. Kwa kilomita 20 utahitaji mita 11. Kwa kilomita 30 ni mita 20, yaani urefu wa lori refu na zaidi. Mwendo ukizidishwa mara tatu, umbali umezidi mara tano. Kwa hiyo kanuni tunayoisisitiza ni hii: enda kwa mwendo utakaokuwezesha kusimama ndani ya nusu ya umbali unaouona mbele. Nusu, kwa sababu kwenye njia nyembamba anayekuja kutoka upande wa pili anaweza kuwa na baiskeli pia, na yeye anaihitaji nusu yake.

Kwenye uwanda wa Hell's Gate unaona mamia ya mita. Kwenye msitu wa Kakamega, penye mimea itambaayo na mashina mapana, mara nyingi huoni mita 10 mbele ya kona. Gawa kwa mbili, ubaki na mita 5, na mwendo wako halali ni wa mtu anayekimbia taratibu tu.

Hell's Gate

Ni mojawapo ya hifadhi chache za taifa nchini zinazoruhusu kutembea na kuendesha baiskeli bila kuwa ndani ya gari. Hifadhi ya Ziwa Nakuru, iliyo jirani na jiji, ni ya magari. Kutoka lango la Elsa hadi penye korongo ni takriban kilomita 8, karibu zote tambarare. Baiskeli za kukodi zipo njiani kuelekea langoni. Zikague kabla ya kulipa: breki zote mbili zishike gurudumu likiwa linazunguka, na siti ipande hadi mguu ukaribie kunyooka ukiwa kwenye pedali.

Kasoro kubwa hapa ni vumbi. Kupita kwa kilomita 25 kwa saa kando ya wanafunzi wanaotembea hakuwagusi, lakini huwaachia wingu la kula. Punguza mwendo mita 30 kabla, pita upande ambao upepo unaelekea, yaani vumbi likimbie mbali nao. Pundamilia wakivuka, simama kabisa. Ukiendelea polepole unawagawanya kundi, na waliobaki nyuma watakimbia kulifuata kundi bila kuangalia aliye mbele yao, awe mtembezi au mtoto. Nyati ni habari nyingine: usimkaribie, na mwonye kila unayepishana naye.

Korongoni ni kwa miguu tu. Acha baiskeli juu, ifunge kwa kufuli, na uilaze mbali na mdomo wa kijia, maana wanaopanda kutoka chini hutokea wakihema na wakitazama miguu yao. Mbingu zikiwa nyeusi upande wowote usishuke, hata kama ulipo hapanyeshi. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu saba humo.

Menengai

Kutoka mjini hadi kilele cha ukingo, chenye kimo cha mita 2,278, unapanda zaidi ya mita 400. Wakati wa kupanda hakuna ugomvi na mtu: mwenye baiskeli na mtembezi wana mwendo unaokaribiana, na salamu inatosha. Tatizo huzaliwa wakati wa kurudi. Udongo wa Menengai ni jivu la volkano na mawe mepesi ya pumisi. Ukikanyaga, unateleza kama umekanyaga maharage makavu. Gurudumu la nyuma likifungwa na breki hapo, halisimami. Linalima. Mfereji linaouacha ndio ambao mvua ya Aprili huufuata, na msimu mmoja baadaye watembezi wanatembea kando yake, kisha kando ya kando, mpaka kijia cha nusu mita kimekuwa jeraha la mita tatu.

Kwa hiyo Menengai tunatenganisha kupanda na kushuka. Panda kwa njia yoyote iliyoruhusiwa, shukia barabara. Ukilazimika kushuka kwa kijia, sogeza makalio nyuma ya siti, tumia breki zote mbili kwa kidole kimoja kimoja, breki ya mbele ikifanya kazi kubwa zaidi, na ukiona gurudumu limeanza kuburuta achilia kidogo kisha bana tena. Ukishindwa kushuka bila kuburuta, mteremko huo ni wa kusukuma.

Ndani ya kreta kuna watu wanaokwenda kuomba na kufunga mapangoni. Karibu na hapo shuka, nyamaza, usipige kengele wala kupiga picha. Ukingoni nako, familia hukaa mpakani kabisa mwa ukuta unaoshuka mamia ya mita. Mtu aliyekaa hapo asishtuliwe kutoka nyuma kwa lolote. Mita 50 za mwisho ni za kusukuma, kila siku, hata pakiwa patupu.

Kakamega

Hapa ndipo pazuri zaidi na ndipo penye masharti mengi. Msitu una wenyewe wawili: upande wa kusini, Isecheno, unasimamiwa na Huduma ya Misitu, na upande wa kaskazini, Buyangu, na Huduma ya Wanyamapori. Ruhusa ya upande mmoja haikufikishi upande wa pili. Kabla ya kuingiza baiskeli, uliza langoni ni vijia gani vimefunguliwa kwa magurudumu siku hiyo, na chukua mwongozaji. Kutoka barabara ya Kisumu–Kakamega unakata Khayega, unapita Shinyalu hadi Isecheno.

Kwenye vijia vya pembezoni utakutana na akina mama wenye kuni kichwani. Mzigo huo hulazwa kukingama, mara nyingi una urefu unaozidi mita moja na nusu, na aliyeubeba hawezi kugeuza shingo wala kuinama. Ukimpigia kengele kutoka nyuma, ageuke vipi? Akigeuka mwili mzima, ncha za kuni zinafagia njia yote, na wa kwanza kupigwa usoni ni wewe. Basi usimpite kwa nyuma. Shuka, mfuate kwa miguu ukiwa mita 5 hivi nyuma yake, sema kwa sauti ya kawaida, ukianza na salamu ya Kiluhya, "Mulembe, mama. Niko nyuma na baiskeli, sina haraka." Atakapofika mahali papana, au atakapotua, yeye mwenyewe atakwambia upite. Akija kutoka mbele, toka njiani mapema kabla hajakufikia. Penye mteremko wa pembeni, wewe simama upande wa bondeni, yeye abaki na upande wa mlimani. Baiskeli iweke upande wa mbali naye ili pedali na cheni visiguse nguo yake.

Vitabu vya nje hufundisha kwamba anayeshuka humpisha anayepanda. Ni kanuni nzuri kati ya baiskeli na baiskeli. Kwa mama mwenye mtungi wa lita 20, ambao ni kilo 20 za maji zinazocheza, haitoshi: apishwe akipanda na apishwe akishuka, kwa sababu kwake kushuka ndiko kugumu zaidi. Hata Uingereza, sheria ya mwaka 1968 ilipowafungulia wenye baiskeli njia za farasi, iliwapa sharti la kuwapisha watembeao na wapanda farasi, bila kutaja nani anapanda na nani anashuka.

Ndani zaidi, watazamaji wa ndege huja kimya kumtafuta turako mkubwa wa buluu. Ukiona watu watatu wamesimama na darubini shingoni wakitazama juu, simama mbali, subiri mmoja akuone na kukupungia. Baiskeli ikizunguka gurudumu bila kukanyagwa hulia tik-tik-tik. Ukiisukuma, inua gurudumu la nyuma ili mlio ukatike.

Asubuhi ya mapigano ya mafahali katika eneo la Waisukha na Waidakho, barabara za Khayega na Shinyalu hujaa umati unaomsindikiza fahali kwa ngoma za isukuti na nyimbo. Ukisikia ngoma, usingoje kuona. Ingia kwenye ua wa mtu kwa ruhusa au panda ukingo, baiskeli ilale chini, rimu zisimulike jua. Fahali aliyepandishwa hasira hajui kengele.

Kajulu na Riat

Vijia vya hapa vinapita katikati ya maisha ya watu. Ni njia ya shule, ya kanisa, ya kisima, na mara nyingine inakatiza kabisa mbele ya nyumba. Penye nyua shuka, salimia kwanza wazee. "Oyawore", salamu ya Kijaluo ya asubuhi, inafungua njia kuliko kengele yoyote. Ukimkuta bibi barazani, mwite dani, mwombe kupita, na usubiri jibu.

Hatari ambayo wageni hawaijui ni kamba. Mbuzi au ng'ombe amefungwa kwa kamba ya mita 3 hadi 5, kigingi kiko upande mmoja wa njia, mnyama anakula upande wa pili, na kamba imelala katikati ya nyasi. Ng'ombe akishtuka, kamba inakazika kwa ghafla kwenye kimo cha ekseli. Inakuangusha wewe na inaweza kumvunja mguu mnyama, ambaye ni karo ya mtoto wa mtu. Kila ukiona mnyama ametulia karibu na njia, tafuta kigingi kabla ya kutafuta nafasi. Usipite kati ya ng'ombe na ndama. Mbwa akikujia, shuka na uiweke baiskeli kati yako naye. Ukikimbia kwa pedali unamwalika.

Watoto watakukimbilia, watataka kugusa. Diski ya breki baada ya mteremko mrefu huchoma ngozi papo hapo. Ukisimama, geuza upande wenye diski mbali nao na uwaambie "moto, usiguse", ndipo uwaonyeshe giya.

Kengele, sauti au honi

Kengele ndogo ya kidole inafaa Hell's Gate na barabara ya Menengai, penye nafasi. Ipige mita 30 kabla, mara moja, kisha acha sekunde tatu mtu aelewe. Ukiipiga mita 5 nyuma yake haimpi habari, inampa mshtuko, na aliyeshtuka huruka upande wowote. Penye upepo ukingoni Menengai hubebwa na isisikike. Hapo tumia sauti.

Sauti ni bora Kakamega na Kajulu, lakini kuna kosa moja la kawaida. Ukipaza "Kulia!" mtu husikia amri, na huhamia kulia, pale pale ulipotaka kupita. Anza na salamu, mwache ageuke, mwone anachagua upande gani, kisha wewe chukua uliobaki. Ikibidi kutaja upande, sema sentensi nzima: "Samahani mzee, nakuja kupitia kulia kwako." Kwa aliyeziba masikio na muziki hakuna dawa ila kwenda mwendo wake hadi akuone.

Honi ya kubana usiiweke kabisa kwenye baiskeli. Masikio ya watu wetu yameizoea kama lugha ya bodaboda: toka njiani. Huwezi kuomba kwa chombo kinachoamuru. Kengele inayolia yenyewe mfululizo, kama ya ng'ombe, ina manufaa kwenye kona zisizoonekana, mradi iwe ya kuzimika unapofika penye watu au ndege.

Kupunguza, kusimama au kushuka

Nafasi kati ya usukani na bega la mtu ikizidi mita moja na nusu, punguza hadi mwendo wa miguu, kilomita 5 au 6 kwa saa, upite. Ikiwa chini ya hapo, simama na mguu chini, yeye apite. Akiwa na mzigo, mtoto mgongoni, mkongojo au mnyama, shuka. Wengi hukwepa kusimama kwa sababu kuanza tena mlimani ni kazi: weka giya nyepesi kabla hujasimama, na unapoanza tena pedali ya mguu wenye nguvu iwe juu kidogo mbele. Baada ya hapo kusimama hakugharimu kitu.

Upepo wa tairi nao una mchango. Kwa mtu wa kilo 70 hadi 80 na tairi la inchi 2.2 au 2.3, psi (kipimo cha upepo kwenye pampu) 22 hadi 28 bila tiubu, au 28 hadi 35 ukiwa na tiubu, hulipa tairi mshiko wa kusimama bila kuburuta. Fundi wa barabarani hupenda kujaza hadi ligonge kama jiwe, mwombe apunguze.

Mvua

Jivu la Menengai hunywa maji haraka na kesho yake linapitika. Udongo wa mfinyanzi wa Kakamega hauna huruma hiyo. Mvua huko hupiga mchana miezi mingi ya mwaka, kwa hiyo saa za asubuhi ndizo zako, na kati ya Aprili na Juni vijia viachie miguu. Pima hivi: endesha mita 10, geuka utazame. Alama ya tairi ikizama zaidi ya sentimita 2, rudi. Ukikuta dimbwi moja njiani, pita katikati yake polepole. Kulizunguka ndiko kunakopanua njia na kukanyaga mahindi ya mtu. Uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, ulio na udongo mweusi ukilowa usijaribu hata kwa barabara: hunasa kati ya tairi na uma mpaka gurudumu lisizunguke.

Idadi, siku na saa

Hell's Gate hata kumi mnatosha. Kwingine, wanne. Wa kwanza ataje idadi, "Tuko wanne," na wa nyuma kabisa aseme, "Mimi ndiye wa mwisho, asante." Bila maneno hayo mtembezi hurudi njiani baada ya wa pili na kukutana na wa tatu.

Kajulu epuka Jumapili asubuhi yote, na siku za shule kabla ya saa mbili asubuhi na baada ya saa tisa na nusu alasiri. Menengai wikendi nenda mapambazuko, uwe umeshashuka saa tatu wanapoanza kufika wenye familia. Shinyalu siku ya soko, zunguka. Hell's Gate ingia lango linapofunguliwa: vumbi bado limelala kwa umande, na wanafunzi wa mabasi hawajafika.